Papa wa Mlangoni: Mwenendo wa Papa wa Miamba na Uzamiaji katika Atoli ya Fakarava

0. Utangulizi

Neno papa lina maana zaidi ya moja, na kila msikilizaji huchagua yake kufuatana na mahali alipolelewa. Msemaji wa Lubumbashi au Kolwezi akilisikia, mara nyingi humkumbuka mzazi wake wa kiume, kwani ndivyo watoto wa mijini wanavyomwita baba yao, kwa athari ya Kifaransa. Muumini wa Kanisa Katoliki huweza kumfikiria Baba Mtakatifu wa Roma. Msemaji wa Lamu, Mombasa au Unguja, kwa upande wake, humwona kwanza samaki mkubwa wa bahari, mwenye safu za meno makali na ngozi inayokwaruza kama msasa. Maana hii ya tatu, ambayo kwa msomaji wa bara hubaki zaidi katika kamusi, ndiyo inayohusika hapa.

Makala haya yanakusudia kueleza mwenendo wa papa wanaoishi kwenye miamba ya matumbawe katika bahari za joto, hasa pale wanapokusanyika kwenye milango ya miamba hiyo, na masharti yanayomwezesha binadamu kuzamia kati yao akatoka salama. Mfano uliochaguliwa ni atoli ya Fakarava, katika visiwa vya Tuamotu, Polinesia ya Kifaransa, kwa kuwa ni mahali ambapo papa wamechunguzwa kwa makini. Hoja kuu ni hii: papa wa miamba ana utaratibu unaosomeka. Hufuata mkondo, mwezi na usiku, na anapokereka hutoa ishara iliyo wazi. Mzamiaji huhatarika zaidi anaposhindwa kuisoma ishara hiyo. Lakini ili mnyama asomwe, sharti kwanza awepo. Na katika sehemu nyingi za dunia, pamoja na sehemu ya pwani ya Waswahili, ameanza kukosekana.

1. Mlango wa mwamba na mkondo wake

Matumbawe ni viumbe vidogo vya baharini vinavyojijengea mifupa ya chokaa. Mifupa hiyo hulundikana kizazi baada ya kizazi hadi ikawa mwamba. Charles Darwin, aliyepita katika visiwa vya Tuamotu mwaka 1835, alichapisha mwaka 1842 maelezo ya jinsi atoli inavyotokea. Mlima wa volkano uliomea baharini huzama polepole sana. Matumbawe yaliyouzunguka huendelea kujenga kuelekea juu, kwa sababu yanahitaji mwanga wa jua. Mwishowe mlima hutoweka chini ya maji, na kinachobaki ni pete ya mwamba. Katikati ya pete hiyo huwa na lagoni, yaani ziwa la maji ya chumvi lililotengwa na bahari kuu.

Fakarava ni pete ya namna hiyo. Ina urefu wa kilomita 60 hivi, na kwa ukubwa ni ya pili katika Tuamotu baada ya Rangiroa. Pete yake imekatika mahali pawili penye kina. Kaskazini upo mlango wa Garuae, wenye upana wa kilomita moja na nusu na zaidi. Kusini upo mlango wa Tumakohua, ulio mwembamba zaidi, wenye kina cha mita 30 hivi, karibu na kijiji cha zamani cha Tetamanu. Watahiti huuita mlango wa aina hii ava. Mabaharia wa Kiswahili nao hutumia neno mlango kwa upenyo wa majini, na istilahi hiyo inafaa kabisa: ni mahali pa kuingilia na kutokea, nako kila kiingiacho au kitokacho hupita mbele ya macho ya anayengoja.

Kinachopita zaidi ya vyote ni maji yenyewe. Kwenye pwani ya Afrika ya Mashariki, bahari hupwa na kujaa kwa tofauti inayoweza kufika karibu mita 4 wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo maji hupanda na kushuka kupita kawaida. Katika Tuamotu tofauti hiyo ni ndogo, haifiki mita moja. Hata hivyo mikondo ya milangoni ni mikali, kwa sababu mbili. Kwanza, lagoni ni pana sana na milango ni michache, hivyo hata kimo kidogo cha maji ni wingi mkubwa unaolazimika kupenya mahali padogo. Pili, mawimbi ya bahari kuu hupasuka juu ya mwamba na kumwaga maji ndani ya lagoni. Maji hayo hayana njia nyingine ya kurudi ila mlango. Kwa hiyo, siku za mawimbi makubwa mkondo unaotoka huweza kudumu kwa saa nyingi kuliko ilivyotarajiwa kwa hesabu ya mwezi.

Tofauti kati ya mikondo hiyo miwili ni muhimu kwa samaki na kwa mtu pia. Mkondo unaoingia huleta maji safi ya bahari kuu, na macho huona mbali. Mkondo unaotoka hubeba mchanga na uchafu wa lagoni, hupunguza mwanga, na humsukuma kila asiye na nguvu kuelekea kwenye kilindi.

2. Papa wa kijivu na maji yanayopanda

Aina tatu za papa huonekana mara kwa mara kwenye miamba hiyo. Wa kwanza ni papa mwenye ncha nyeusi za mapezi, anayependa maji ya kina kifupi. Wa pili ni papa mwenye ncha nyeupe, mwembamba, anayeweza kulala juu ya mchanga akisukuma maji kwenye matamvua yake kwa misuli ya kinywa. Wa tatu ni papa wa kijivu wa miamba, ambaye wataalamu humwita Carcharhinus amblyrhynchos. Huyu ndiye mwenyeji mkuu wa Tumakohua. Kwa kawaida urefu wake hauzidi mita 2 kwa kiasi kikubwa, na ukingo mweusi wa nyuma ya mkia humtambulisha kwa urahisi.

Papa wa kijivu ana mashaka mawili ya maumbile. La kwanza ni kwamba kwa kawaida hupumua akiwa katika mwendo. Huenda mbele ili maji yapite katika matamvua yake. La pili ni kwamba, kama papa wengine, hana kibofu cha hewa kinachowaeleza samaki wengi. Ini lake kubwa lililojaa mafuta humsaidia kupunguza uzito majini, lakini halitoshi. Akiacha kuogelea huzama. Karibu maisha yake yote ni mwendo, na kila mwendo hugharimu chakula.

Mlango humpunguzia gharama hiyo. Mkondo unapogonga kuta na miteremko ya mwamba, sehemu ya maji hulazimika kupanda juu. Papa hujiweka juu ya maji hayo yanayopanda, akielekeza kichwa mkondo unakotoka, akaelea kwa kutikisa mkia kidogo tu. Ni vilevile mwewe anavyotanda mabawa kando ya mlima na kubebwa na upepo unaopanda. Utafiti wa Yannis Papastamatiou na wenzake, uliochapishwa mwaka 2021, ulifuatilia papa wa mlango huu kwa vyombo vya kupokea mawimbi ya sauti na kwa kamera zilizofungwa kwenye miili yao. Ulikadiria kwamba kwa njia hiyo papa huokoa takriban asilimia 10 hadi 15 ya nguvu ambazo angezitumia.

Kilichostaajabisha zaidi ni utaratibu wao. Papa anayefika mwisho wa eneo lenye maji mazuri hujiachia, akarudishwa nyuma na mkondo, kisha huanza upya safari yake polepole kuelekea mbele. Wengine humfuata kwa zamu. Anayetazama kwa mbali huona papa mamia wakiwa wametundikwa majini kama waliosimama, jambo lililowafanya wazamiaji wapaite mahali hapo ukuta wa papa. Kumbe ukuta huo unazunguka daima, na mchana ni saa yao ya kupumzika, si ya kuwinda.

3. Chewa, mwezi mpevu na usiku

Swali moja liliwasumbua wanasayansi kwa muda: papa wote hao hula nini? Kwa kawaida ya maumbile, walaji ni wachache kuliko waliwao. Simba hawazidi nyumbu mbugani. Lakini katika mlango wa kusini wa Fakarava, ambako papa wa kijivu hufika 700 hivi, uzito wa papa huzidi uzito wa samaki wanaoishi papo hapo na wanaoweza kuliwa. Piramidi ya chakula imepinduka, kitako kikawa juu.

Jibu lilitolewa mwaka 2016 na Johann Mourier na wenzake: mlango huletewa chakula kutoka nje. Kila mwaka, karibu na mwezi Juni na Julai, chewa wa aina ya Epinephelus polyphekadion hutoka sehemu mbalimbali za atoli na kukusanyika mlangoni ili wazaliane. Idadi yao hukadiriwa kufika 17,000. Madume hutangulia na kungoja kwa majuma kadhaa. Majike hufika baadaye. Karibu na mwezi mpevu, wote hutoa mayai na mbegu kwa pamoja katika muda mfupi, na mkondo huyachukua hadi baharini. Papa hawawafuati chewa nyumbani kwao. Huwangoja mahali ambapo uzazi wenyewe unawalazimisha wapite. Msimu huo ukiisha, aina nyingine za samaki nazo huja kuzaliana kwa wakati wake, na baadhi ya papa huondoka kwenda kutafuta chakula kwingine.

Uwindaji wenyewe hufanyika hasa usiku. Mpiga mbizi na mwanabiolojia wa Kifaransa Laurent Ballesta aliongoza uchunguzi huko kuanzia mwaka 2014, ambapo mwenyewe alikaa chini ya maji kwa saa 24 mfululizo, kwenye kina cha mita 20 hivi, ili auone mzunguko mzima wa siku. Kwa wanafunzi wa Kiswahili, jina la misafara yake lina ladha ya pekee: inaitwa Gombessa. Hilo ni jina ambalo watu wa Komoro, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, humpa samaki wa kale aliyedhaniwa kuwa ametoweka tangu zama za mbali hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, kisha Anjouan mwaka 1952. Neno la wavuvi wa visiwa vya Bahari ya Hindi limefika hivyo hadi katikati ya Pasifiki.

Gizani, ukuta wa papa huvunjika. Papa hushuka chini na kupita juu ya mwamba kwa makundi. Chewa aliyetulia katika tundu huweza kuponea humo. Anayetoka kwa woga huandamwa na wengi. Papa mwenye ncha nyeupe, ambaye mwili wake mwembamba hupenya kwenye nyufa, humfukuza samaki kutoka mafichoni. Papa wa kijivu, mwenye mbio zaidi lakini mnene kwa nyufa hizo, hungoja nje na kumnyakua. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba wa kijivu huweza hata kumpora mwenzake windo ambalo amekwisha kulikamata. Haufai kuitwa ushirikiano kwa maana ya kibinadamu, kwa kuwa hakuna mgawanyo wa nyama; kila mmoja hunufaika, au hupoteza, kwa sababu ya kuwapo kwa mwingine.

4. Ishara za mwili

Papa hana sauti, lakini ana namna ya kusema. Mwaka 1973, Richard Johnson na Donald Nelson walichapisha maelezo ya tabia ya vitisho ya papa wa kijivu, kutokana na uchunguzi uliofanywa Enewetak, katika Visiwa vya Marshall. Papa aliyesogelewa kwa kasi na mzamiaji, hasa akiwa amezibiwa njia ya kukimbilia na ukuta wa mwamba, hubadili mwendo wake waziwazi. Huinua pua, hukunja mgongo, huteremsha mapezi ya kifuani kuelekea chini, na huogelea kwa kuyumba upande hadi upande kupita kiasi, pengine akizunguka mahali pamoja. Kadiri njia yake ya kutorokea inavyokuwa finyu, ndivyo ishara zinavyozidi.

Maana ya ishara hizo ni onyo. Mzamiaji akirudi nyuma, kwa kawaida papa hujiendea. Mzamiaji akiendelea kusogea, kwa mfano ili apate picha nzuri, papa huweza kuuma mara moja kwa kasi kubwa kisha akatokomea. Kuuma huko hakuna uhusiano na njaa: mnyama hujitetea, kama mbwa anayeunguruma kabla ya kuuma. Aliyeumwa mara nyingi huwa amekwisha kuambiwa, ila kwa lugha asiyoijua.

Ipo hali nyingine ambayo haitangulizwi na onyo, nayo ni ile ya chakula. Nelson na Samuel Gruber walionyesha mwaka 1963 kwamba papa huvutwa kutoka mbali na sauti nzito zinazokatikakatika, zinazofanana na zile za samaki anayetapatapa. Pamoja na pua na macho, papa ana viungo vya fahamu ubavuni vinavyopokea mtikisiko wa maji, na vitundu puani vinavyohisi umeme mdogo wa misuli ya windo. Kwa sababu hiyo, mtu anayevua kwa mkuki na kufunga samaki wake kiunoni amejipaka harufu na mlio wa windo. Vilevile kuwalisha papa kwa mkono ili watalii wafurahi huwafundisha kuhusisha mwili wa binadamu na chakula, na somo hilo halifutiki kwa urahisi.

5. Mzamiaji mlangoni

Uzamiaji wa kisasa ulifunguliwa mwaka 1943, pale Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan walipounda nchini Ufaransa kifaa cha kumpa mzamiaji hewa kulingana na kina alichopo. Lakini kifaa hakimwondolei mtu sheria za maji. Kila mita 10 za kina huongeza kanieneo kwa kiasi kinacholingana na ile ya hewa ya juu ya bahari. Kwenye mita 20 mwili hubeba kanieneo mara tatu ya ile ya ufukweni. Hewa ya mtungi huisha upesi kwa kiasi hicho hicho, na naitrojeni huingia katika damu. Anayepanda kwa haraka huhatarisha maisha yake, hata kama hakuona papa hata mmoja.

Katika mlango wa Tumakohua, utaratibu wa kawaida ni kungoja mkondo unaoingia, au ule muda mfupi ambapo maji hutulia kabla ya kugeuka. Wazamiaji huteremka upande wa bahari, hushuka hadi kwenye ukingo wa mlango, na kujishikiza kwenye mwamba mfu, wakijihadhari wasivunje matumbawe hai. Hapo hutazama ukuta wa papa kwa utulivu. Kisha huachia mikono, na mkondo wenyewe huwapeleka ndani hadi karibu na Tetamanu, ambako maji ni ya kina kifupi na chombo huwachukua. Aliyekosea saa akakutana na mkondo unaotoka huweza kusukumwa hadi bahari kuu, au kuburutwa chini na maji yanayoporomoka kwenye mteremko.

Kutokana na yaliyoelezwa, kanuni za mzamiaji zinajieleza zenyewe. Asogee polepole, tena asiende moja kwa moja kuelekea kwa papa. Asikae kati ya papa na njia ya wazi, wala asimbanie kwenye ukuta. Asibebe samaki wala chambo. Akiona mapezi yameshuka na mgongo umekunjika, arudi nyuma taratibu bila kumpa mgongo. Asizamie usiku wakati wa uwindaji bila maandalizi maalumu. Kanuni hizi zote zina msingi mmoja: mzamiaji ni mgeni mlangoni mwa watu, na mgeni hufuata desturi za nyumba.

6. Mwamba usio na papa

Woga wa binadamu kwa papa haulingani na hesabu. Mashambulio ya papa dhidi ya watu wasiowachokoza, kwa dunia nzima, huwa 60 hadi 70 hivi kwa mwaka, na mengi hayaui. Kinyume chake, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba binadamu huua papa wapatao milioni 100 kwa mwaka. Papa wa kijivu hawezi kuvumilia uvuvi wa namna hiyo. Jike hubeba mimba kwa muda wa mwaka mmoja hivi, akazaa watoto 1 hadi 6 tu, naye huchukua miaka mingi kabla ya kupevuka. Mwaka 2020 aina hii iliwekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka.

Mwaka huohuo yalitolewa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliotumia kamera zenye chambo katika miamba 371 ya nchi na maeneo 58. Katika miamba inayokaribia asilimia 20, hakuonekana papa hata mmoja. Nchi na maeneo sita yalikuwa na hali mbaya kabisa, Kenya ikiwa mojawapo: katika saa zaidi ya 800 za picha zilizopigwa humo, papa walioonekana kwa jumla walikuwa 3 tu. Polinesia ya Kifaransa ilikuwa miongoni mwa mahali penye papa wengi. Sababu haifichiki. Huko papa walilindwa kwa sheria mwaka 2006, na mwaka 2012 ulinzi huo ukaenezwa kwa aina zote na katika maji yake yote.

Habari ya Kenya ina uzito wa pekee kwa wachunguzi wa Kiswahili. Pwani hiyo ilimjua papa kwa jikoni na kwa kazi. Papa wa ng'onda, yaani aliyetiwa chumvi na kukaushwa, alikuwa bidhaa ya majahazi na kitoweo cha watu wengi. Mafuta ya ini lake, yaitwayo sifa, yalipakwa kwenye mbao za vyombo ili zisiliwe na wadudu wa baharini. Ini lile lile linalomwelesha papa majini lilikielesha pia chombo cha baharia. Msamiati huo bado umo kamusini, lakini kwenye miamba yenyewe mwenye jina amekuwa nadra kuonekana.

7. Hitimisho

Mlango wa Fakarava unafundisha mambo mawili. La kwanza ni la maumbile: papa wa miamba huongozwa na mkondo unaompunguzia kazi, na mwezi unaomletea chewa, na usiku unaomfunulia windo, na anaposogelewa kupita kiasi, hutangaza kwa mwili wake kabla ya kutenda. Anayejua hayo huweza kukaa saa nzima kati ya papa mamia bila madhara. La pili ni la binadamu: miamba miwili ya bahari za joto, mmoja wenye papa mamia na mwingine usio na hata mmoja, huweza kutofautiana si kwa maji wala kwa matumbawe, bali kwa uamuzi uliopitishwa au uliocheleweshwa.

Msomaji wa Lubumbashi, aliye mbali na kila bahari, huenda akadhani jambo hili halimhusu. Lakini lugha anayoisoma ilizaliwa kando ya mwamba, na sehemu kubwa ya maneno yake bado inanuka chumvi. Kamusi huweza kulihifadhi neno papa kwa karne nyingi, na kueleza umbo la mapezi na idadi ya meno. Haiwezi kuhifadhi jinsi mnyama mwenyewe anavyoelea juu ya maji yanayopanda, akiwa ameelekeza kichwa kwenye mkondo, akingoja jua lizame.